Kilo Mbili za Bibi

SEHEMU YA KWANZA

Magunia ya Bibi yalitangulia kwa guta, matano, naye akafuata kwa miguu, kanga moja kaifunga kiunoni na nyingine kaitupia begani. Ilikuwa saa moja kasorobo asubuhi. Foleni ya wakulima ilishafika kwenye mwembe, na mimi nilikuwa siku ya kumi na moja kazini, nimekaa kwenye meza ya karani pembeni ya mizani, kalamu mkononi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekunywa chai?"

Hivyo ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mtoto. Babu, Mungu amrehemu, alikuwa mume wetu sote wawili, na tulipokuwa tukimgombania kwa maneno yeye alikuwa akicheka mpaka anakohoa.

Gunia la kwanza likapandishwa. Mizani yetu ni ile ya chuma ya zamani, ya kusukuma jiwe kwenye mkono wake mpaka utulie katikati. Kijana wa mizani akasukuma, akarudisha nyuma kidogo, akaita: "Themanini na moja!"

Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu. "Andika sabini na tisa," akasema, kama alivyosema kwa kila gunia tangu nianze kazi. "Unyaufu."

Nikaandika sabini na tisa.

Niwaeleze wasiolima korosho. Korosho ikikaa ghalani hupoteza maji, na ikipoteza maji hupoteza uzito. Chama cha msingi kinapokea kwa mkulima, kinapeleka ghala kuu, na kule magunia yanapimwa upya. Yakipungua, chama ndicho kinachodaiwa. Kwa hiyo kwetu mkulima anakatwa kilo mbili kila gunia ziwe kinga. Wakulima wote wanajua, hakuna anayefichwa. Kijana wa mizani anaita kilo kwa sauti na karani anaandika pungufu mchana kweupe, na watu wameshazoea kama walivyozoea vumbi la Oktoba.

"Mke mwenzangu," Bibi akasema, "hizi nimezianika siku nne." Akachota korosho kiganjani, akaja kuzitikisa karibu na sikio langu. Zilikuwa zinalia kavu, kama vijiwe ndani ya kibuyu. "Zitanyauka nini tena?"

Nilimtazama Meneja. Meneja alitazama foleni. Foleni ikatazama chini.

Si kwamba hawakuwa na la kusema. Mwenyekiti wa chama ni mjomba wangu, mtoto wa kwanza wa Bibi, na kwetu huku Kusini ukoo unafuata mama. Mjomba ndiye anayekusimamia unapochezwa, ndiye anayekaa mbele siku ya posa yako, ndiye anayesema neno la mwisho kwenye msiba. Nusu ya ile foleni ilikuwa wapwa zake kwa damu au kwa kuhesabiana. Ukimuuliza mwenyekiti kuhusu kilo mbili, umemuuliza mjomba wako kama ni mwizi. Nani anaweza?

Bibi hakubishana. Gunia la tano lilipokuwa likipimwa, nalo themanini na moja, nalo sabini na tisa, alichana ukanda kwenye pindo la kanga yake kuukuu na kufunga mdomo wa gunia mafundo matatu.

"Wa nini huo?" Meneja akauliza.

"Nataka nilitambue tukikutana tena."

Ofisini, kwenye kona, kulikuwa na boksi ambalo mikanda yake ya plastiki haijakatwa. Ndani mna mizani ya kidijitali, ile inayotoa risiti yenyewe na kuingiza kilo kwenye mfumo bila kupita kwenye kalamu ya mtu. Ilikuwa imeletwa kabla ya msimu. Niliambiwa fundi hajaja. Juu yake ilikaa chupa ya chai na vikombe vinne.

Msimu huo wa 2024 minada ya korosho ilikuwa imeanza kuendeshwa kwa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania. Zamani wanunuzi walitia barua zao kwenye sanduku, likafunguliwa mbele ya wakulima. Sasa bei zilionekana kwenye kioo, na mnada wa kwanza wa Oktoba ulipovuka shilingi 4,000 kwa kilo, wanawake wa kijijini kwetu walipiga vigelegele kama kumezaliwa pacha. Kazi yangu ilikuwa kuandaa orodha ya malipo: namba ya mwanachama, jina, kilo, akaunti ya benki.

Jioni moja baadaye nilibaki peke yangu. Mwalimu wangu mmoja kule Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi alitufundisha tusitoe orodha kabla ya kulinganisha karatasi tatu: ya mizani, ya stakabadhi na ya ghala kuu. Nikachukua lori la kwanza, magunia 380. Mizani yetu ilikuwa imesoma kilo 30,780. Stakabadhi za wakulima, baada ya kukatwa kilo mbili mbili, zilikuwa na kilo 30,020. Ghala kuu lilikuwa limepokea kilo 30,704.

Nikazirudia hesabu mara tatu. Korosho zilikuwa zimenyauka kweli: kilo 76 kwa lori zima, hata robo kilo kwa gunia haifiki. Sisi tulikuwa tumekata kilo 760.

Kwa hiyo kulikuwa na kilo 684 zisizo na mwenyewe. Lakini orodha ya malipo aliyoniachia Meneja niihakiki ilikuwa imelingana na ghala kuu mpaka kilo ya mwisho. Hakuna iliyozidi. Maana yake ni moja tu, na mikono yangu ilianza kutetemeka kabla sijaikubali: ndani ya orodha ile alikuwamo mtu wa kuzibeba.

Nikashuka na kidole, mstari kwa mstari. Ukurasa wa nne, namba ya mwanachama 217. Kilo 684.

Nilisoma jina mara ya kwanza nikadhani nimechoka. Nikasogeza taa. Nikalisoma tena, majina yote matatu, yalivyoandikwa kwenye ubao ulio kwenye kaburi nililolipalilia mwenyewe siku ya Idi.

Mkulima aliyeleta kilo 684 msimu huu alikuwa mume wetu. Babu.

*Itaendelea Jumamosi ijayo*


SEHEMU YA PILI

*Ilipoishia: Karani amelinganisha karatasi za lori la kwanza na kukuta kilo 684 zimeandikwa kwa jina la Babu yake, aliyefariki mwaka 2020. Endelea…*

Sikukimbia. Nilifunga daftari, nikazima taa, nikatembea mpaka kwa Bibi kwa njia ya katikati ya mashamba, ambako mabibo yaliyooza yalinukia kila mahali na popo walikuwa wameanza kazi yao.

Alikuwa anasonga ugali wa muhogo. Nilimwacha amalize. Tulikula na kunde, tukanawa, na alipoketi kwenye kigoda ndipo nikamwambia. Nilitegemea alie. Hakulia. Aliingia ndani, nikamsikia anavuta kitu chini ya kitanda, akatoka na bati lililokuwa la biskuti enzi hizo.

"Shika taa vizuri."

Ndani mlikuwa na karatasi zake zote. Bibi hajui kusoma, lakini anazijua karatasi kwa rangi, kwa mikunjo, kwa muhuri. Stakabadhi za msimu hadi msimu, zimefungwa kwa nyuzi za magunia. Chini kabisa, kadi ngumu ya hudhurungi, pembe zimeliwa na mende. Kadi ya uanachama wa ushirika wa zamani.

"Hii ilikufa redioni," akasema. "Mwaka sabini na sita."

Nilikuwa nimeyasoma hayo darasani kama tarehe ya kukariri kwa ajili ya mtihani: Mei 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, mazao yakahamia kwenye mamlaka za mazao na vijiji, mpaka sheria ya 1982 iliporudisha ushirika. Bibi aliyaeleza kwa namna nyingine. Walikuwa wameshahamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa kando ya barabara, saa mbili kwa miguu kutoka kwenye mikorosho. Nani aende kupalilia asubuhi na arudi usiku? Magugu yakapanda mpaka kwenye matawi, moto wa kiangazi ukapita na mashamba yote. Nchi hii ilivuna tani 145,000 za korosho msimu wa 1973/74. Katikati ya miaka ya themanini ilikuwa haifikishi 20,000. Takwimu hizo ninazo kwenye madaftari ya chuo. Bibi anazo kwenye nyayo.

"Chama kile kilivunjwa hatukuulizwa," akasema. "Hiki tulichokirudisha, tumeachiwa wenyewe. Na tumekaa kimya wenyewe."

Akatazama ukuta wa nje, karibu na dirisha. Nilijua anatazama nini. Mwishoni mwa 2018, wanunuzi walipokuwa wameleta bei ambazo wakulima walizikataa na serikali ikaamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakaja na malori kuzisomba, kila mkulima aliambiwa awe na akaunti ya benki. Babu alikuwa hajawahi kushika kalamu. Alijifunza kuandika jina lake kwa mkaa kwenye ukuta ule, wiki nzima, herufi kubwa kama za mtoto wa chekechea, ili asiweke dole gumba mbele ya yule binti wa benki. Mvua za miaka yote hiyo zimefuta nyingi. Herufi ya kwanza bado ipo.

"Kadi yake ya benki iko wapi, Bibi?"

"Humu haimo."

"Aliichukua nani?"

Bibi alifunika bati taratibu. "Mama yako. Siku ya arobaini."

Mama yangu yuko Mbagala, Dar es Salaam. Anauza vitumbua na chai asubuhi, mihogo ya kukaanga jioni. Ndiye aliyenisomesha. Nilipofaulu kwenda Moshi mwaka 2021 nilimwambia asihangaike, ningetafuta kazi ya dukani. Akakataa. Muda si muda ada ililipwa, hosteli ikalipwa, akanitumia na fomu kwa basi nisaini haraka nizirudishe kwa basi hilohilo. Nikasaini. Mtu hasomi fomu aliyotumiwa na mama yake.

Nikapiga simu. Iliita muda mrefu.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona usiku?"

"Kadi ya Babu iko wapi?"

Nilisikia mafuta yanachemka, gari linapiga honi, mtu anaulizia mihogo ya mia tano. Kisha nikasikia anasogea mbali na kelele.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Mimi ndiye karani. Babu ameuza kilo 684, Mama. Babu yuko kaburini."

"Kaka yangu alisema utapewa kazi ya kuandika, hakusema utapewa kazi ya kuchimba."

"Mama."

"Sikiliza." Sauti yake ilibadilika, ikawa ile ya zamani, ya usiku wa homa. "Ada ya Moshi miaka miwili unadhani ilitoka kwenye vitumbua? Mtaji wenyewe elfu thelathini. Unadhani nilikuwa nachota kisimani?"

Bibi alikuwa ananitazama. Nilimgeuzia mgongo, kwa sababu zile kilo mbili za gunia lake la mwaka juzi, na la mwaka ule mwingine, na za kila mzee aliyekuwa ananiitikia salamu kwenye foleni, zilikuwa kichwani mwangu. Zilikuwa zimenifundisha kulinganisha karatasi tatu.

"Na ile fomu uliyosaini," Mama akaendelea, "usije ukamwambia mtu yeyote. Ile fomu haikuwa ya…"

Simu ikakata.

Nikaipiga tena. Haipatikani. Nikapiga mara ya tatu, na nilipokuwa bado nimeiweka sikioni, mtu akakohoa nje ya ua. Kikohozi hicho nakijua tangu nikiwa mtoto. Kinatangulia kila kikao cha ukoo.

"Hodi humu ndani."

Bibi hakuitikia karibu. Alisukuma bati chini ya kigoda kwa kisigino.

Mjomba aliingia bila kiatu, kofia mkononi, akasimama pale taa ilipoishia.

"Mama yako kakwambia nusu," akasema. "Nipe mkeka. Nusu iliyobaki ninayo mimi."

*Itaendelea Jumamosi ijayo*


SEHEMU YA TATU

*Ilipoishia: Mama amekiri kwamba ada ya chuo ilitokana na akaunti ya marehemu Babu, na simu imekatika alipoanza kueleza kuhusu fomu. Mjomba, mwenyekiti wa chama, ameingia. Endelea…*

Mjomba hakuanza na Babu. Alianza na lori.

Msimu mmoja wa nyuma lori la chama lilifika ghala kuu likiwa na upungufu wa kilo 1,300. Dereva alisema zilinyauka. Ghala kuu wakaandika pungufu, chama kikadaiwa. Bodi ikakaa usiku. Wapi pa kuzitoa? Wakikopa, watavuka ukomo wa madeni uliopitishwa na wanachama na kuidhinishwa na Mrajis. Wakisema ukweli, watu watafanya kama Liwale, ambako Aprili 2013 nyumba zilichomwa kwa sababu ya malipo ya pili ya korosho. Wakakubaliana wakate nusu kilo kila gunia. Msimu mmoja tu.

"Mlipeleka mkutano mkuu?" nikauliza.

"Hatukupeleka. Tuliona aibu."

Deni likalipwa kabla msimu haujaisha. Kato likabaki. Mwaka uliofuata likawa kilo moja, kwa sababu kulikuwa na wageni wa kulishwa, na mafuta ya pikipiki ya bodi, na sanda za wanachama wawili waliofariki bila kitu. Sanda zile alizinunua kweli, naikumbuka mwenyewe moja. Halafu ikawa mbili. Meneja ndiye aliyesema kilo zilizozidi zinahitaji jina, na jina lisilolalamika ni la marehemu. Mjomba alikuwa na kadi mkononi mwa dada yake na mpwa aliyefaulu.

"Nikafika mahali sioni tena ni za nani," akasema. "Naona kilo tu."

Nimeandika maneno yake kama alivyoyatamka, maana nimewasikia wengi wakisema ushirika unaliwa na watu wabaya. Mjomba wangu alinibeba mgongoni kilomita kumi na moja nilipoumwa na nyoka. Kama ningesubiri awe mtu mbaya ndipo nimuulize, ningesubiri mpaka kiyama.

Bibi alikuwa kimya muda wote. Sasa akasema, "Lori moja kilo 684. Malori mangapi?"

"Kumi na manne kwa msimu," nikajibu mimi. Nilikuwa nimeshapiga hesabu njiani. Kilo 9,576. Kwa bei ya 4,000, zaidi ya milioni 38.

Mjomba akaivaa kofia yake. "Jumamosi ni mkutano mkuu. Utasoma taarifa kama ilivyoandikwa." Akanitazama, si kwa hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Kila stakabadhi ya msimu huu ina saini yako, mpwa wangu. Wakaguzi wakija, wataanza na mkono ulioandika."

Akamuaga mama yake kwa heshima zote, akaondoka.

Jumamosi darasa la saba lilijaa mpaka madirishani. Wengine walisimama nje, wamejikinga jua kwa kanga na daftari. Mbele palikuwa na meza tatu: bodi, Meneja, na Afisa Ushirika wa wilaya, mwanamke mwenye miwani aliyefika kabla ya mwenyekiti na kukaa bila kusubiri kukaribishwa. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inasema mkutano mkuu ndio wenye mamlaka ya juu kabisa ndani ya chama. Niliwahi kuandika sentensi hiyo kwenye mtihani nikapata alama zote. Sikuwahi kuuona umekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu, wengine wakisinzia kwa njaa.

Na mikutano yetu inajulikana inavyokwenda. Ajenda zinasomwa kwa mwendo wa lori tupu. Mihtasari, yatokanayo, taarifa ya mapato na matumizi, makisio, ukomo wa madeni. Maswali yote yanaambiwa yasubiri mengineyo, na mengineyo yanafika saa tisa alasiri wakati pilau limeshanukia na watu wana njaa. Nimewaona wakipitisha makisio ya mwaka mzima kwa kunyoosha mkono mmoja huku mwingine umeshika sahani.

Meneja alikuwa amefika kwenye yatokanayo. "Hakuna yatokanayo," akasema, akafunua ukurasa.

"Yapo."

Bibi alikuwa amesimama. Alikuwa kavaa kanga ile aliyoichana pindo.

"Bibi, tutakufikia kwenye mengineyo," Mjomba akasema. Hadharani anamwita Bibi, kama wote.

"Sikuja kwenye mengineyo. Namba yangu ni 216. Ya mume wangu ilikuwa 217, tulijiunga siku moja. Naomba nisomewe muhtasari wa siku tuliyopitisha kilo mbili za unyaufu."

Hata watoto waliochungulia madirishani walinyamaza. Meneja akafungua daftari la mihtasari. Akafunua nyuma, akafunua mbele. Akalowesha kidole, akafunua tena. Afisa Ushirika alinyoosha mkono bila kusema neno, akapewa lile daftari, akaanza kulipitia mwenyewe ukurasa mmoja mmoja, na tulimsubiri. Sijui dakika ngapi. Kuku walipita katikati ya madawati.

"Haumo," akasema.

"Unyaufu haupitishwi na mkutano," Meneja akasema haraka. "Unyaufu ni wa Mungu. Korosho zinakauka."

"Basi tuone," Bibi akasema, akageukia mlangoni.

Mtunza ghala, mzee ambaye sijawahi kumsikia akisema zaidi ya maneno kumi kwa siku, aliingia akisukuma mkokoteni. Juu yake gunia moja, limefungwa kwa ukanda wa kanga, mafundo matatu. Lori la mwisho lilikosa nafasi, akaeleza, gunia hili likabaki nyuma kabisa, siku kumi na tisa. Hakuna aliyeligusa. Jasho lilikuwa linamtiririka, na nilielewa kwamba lori halikuwa limekosa nafasi hata kidogo.

"Lipimeni kwa ile mpya," sauti ikasema kutoka nje. Sikuona ni ya nani. Ikafuatiwa na nyingine, na nyingine, na ile foleni iliyokuwa inatazama chini ikawa inatazama mbele.

Boksi likaletwa. Mtu akaondoa vikombe vinne, mwingine akakata mikanda ya plastiki kwa panga. Fundi hakuhitajika. Palikuwa na swichi moja, nikaibonyeza mimi, na namba nyekundu zikawaka: sifuri, sifuri, sifuri. Gunia likapandishwa na vijana wawili. Namba zikapanda, zikayumba, zikatulia.

Nikasoma kwa sauti kwa sababu ndiyo kazi yangu. "Themanini nukta nane."

"Nilileta ngapi?" Bibi akauliza.

"Themanini na moja."

"Uliniandikia ngapi?"

Koo langu lilikauka. Mbele yangu walikuwa wazee walionibeba, mama zangu wadogo, mwanamke mmoja niliyesoma na binti yake mpaka darasa la saba, binti akaishia hapo kwa kukosa sare. Nilisema, "Nilikuandikia sabini na tisa, Bibi. Kwa mkono wangu. Na kila aliyemo humu nilimwandikia hivyo hivyo."

Kelele zilizopanda ziliwarusha kuku nje. Afisa Ushirika aligonga meza mara moja tu, kwa kiganja.

"Gramu mia mbili zimenyauka," akasema. "Nazikubali. Mwenyekiti, kilo moja na gramu mia nane ziko wapi?"

Mjomba alisimama. Nilidhani atanionyesha kidole. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo usiku kucha, nilikuwa na maneno yake. Lakini alitia mkono kwenye mfuko wa kanzu, akatoa kadi ya benki, akaiweka mezani mbele ya Afisa kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa mahari.

"Ziko humu," akasema. "Zote za miaka mitatu iliyopita. Muulizeni mwenye kadi alipozipeleka."

Nilitazama dirishani, nikimsubiri Mama atokee, maana kadi ya Babu ilikuwa kwake. Lakini kadi hii ya mezani ilikuwa mpya. Plastiki yake ilikuwa inang'aa.

Afisa akaiinua, akaisogeza karibu na miwani. Akachukua karatasi ya mahudhurio, akashuka nayo kwa kalamu, mstari kwa mstari. Kalamu ikasimama.

"Jina la nani hilo?" Bibi akauliza. "Nisomeeni, mimi sijui kusoma."

Hakuna aliyemjibu. Nilikuwa nimekaa karibu na meza kuliko wote, na herufi za kadi ya benki zimechongwa kwa juu, zinasomeka hata kinyume.

Lilikuwa jina langu.

*Itaendelea Jumamosi ijayo*